Fundi katoa flaiwili moja kwenye mashine yangu ya kusaga, anasema ni mzigo tu. Hivi lile gurudumu linatunza nguvu au linakula mafuta?

#1 Mwana Kibaigwa

Wakuu, habari za jioni.

Nina mashine ya kusaga huku kati ya Kibaigwa na Pandambili. Injini ni dizeli ya Kihindi, silinda moja, farasi 8, mizunguko 850 kwa dakika, ile yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma, moja kila upande. Wiki mbili zilizopita nilimwita fundi kwa sababu ilikuwa inatoa moshi mweusi. Akasafisha nozeli, ile inayopulizia mafuta ndani ya silinda, akabadilisha mkanda. Mimi nikaenda mnadani. Kurudi nakuta gurudumu la kushoto liko chini, limeegemezwa ukutani. Kumuuliza, ananijibu: "Bosi, hili ni mzigo tu. Injini inabeba chuma badala ya kusaga. Moja linatosha, utaona mafuta yatakavyopungua."

Mafuta sijaona yakipungua. Ninachoona ni kwamba mteja akimimina debe kwa pupa, mashine inaguna, inashuka, inataka kuzima. Zamani ilikuwa inaguna kidogo halafu inameza. Tena sasa inatetemeka mpaka bati la paa linalia.

Swali: lile gurudumu linaongeza nguvu, linatunza nguvu, au kweli ni mzigo? Nilirudishe?

#2 Kijiwe Sabasaba

Nimetandika mkeka. Anayepita na kahawa asinisahau.

#3 Fundi Kizota

Huyo fundi alisomea wapi?

Sikia. Injini yako ina mipigo minne: inavuta hewa, inagandamiza, inalipuka, inatoa moshi. Katika minne hiyo ni mmoja tu unaoleta pesa nyumbani, mitatu iliyobaki ni ya kula. Sasa wakati inagandamiza hewa, na dizeli inagandamiza kwelikweli, nani anaisukuma pistoni? Gurudumu. Limelipwa kwenye mlipuko, linatoa kwenye mgandamizo. Ndiyo maana ukitaka kuiwasha kwa hendeli unazungusha kwanza valvu ikiwa imeachiwa, gurudumu likishika kasi ndipo unaifunga, inapiga tu! tu! tu! Bila flaiwili usingeiwasha hata ukileta vijana kumi wa kubeba magunia pale sokoni.

Flaiwili ndiyo nguvu ya injini yenyewe. Rudisha leo.

#4 Chuo Pembeni

Fundi Kizota umeeleza vizuri, sentensi ya mwisho ndiyo imeharibu pilau. Flaiwili haina nguvu ya kwake.

Tatizo mtaani vyote tunaviita "nguvu". Shuleni tulitenganisha: kani ni ule msukumo, nishati ni akiba, na kile kinachopimwa kwa farasi au kilowati ni kasi ya kuitumia hiyo akiba. Injini ya farasi 8 ni farasi 8 hata uifungie gurudumu la tani nzima. Gurudumu linabeba akiba tu.

Na akiba hiyo inategemea uzito, umbali wa uzito kutoka katikati, na mwendo. Uzito ukiongezeka mara mbili, akiba nayo mara mbili. Lakini umbali au mwendo ukiongezeka mara mbili, akiba inakuwa mara nne. Kwa hiyo chuma chote kimepelekwa ukingoni, katikati wameacha spoku tu. Mleta mada, lipime hilo lililo chini, uzito na upana, tukupigie hesabu.

#5 Alizeti Singida

Samahani naingilia. Kuna jamaa huku kwetu ana mtambo: mota ya farasi mbili inazungusha flaiwili ya kilo 200, flaiwili inazungusha jenereta ya kilowati 10, jenereta inailisha ile mota, na umeme unaobaki ni wako wa kukamulia alizeti. Hakuna mafuta. Nimeona kwa macho yangu ikizunguka na balbu tano zinawaka. Anataka milioni tatu na nusu. Mnasemaje?

#6 Kijiwe Sabasaba

Muulize kwake nyumbani luku ananunua ya nini.

#7 Mama Zabibu

@Alizeti Singida flaiwili ni kibubu mdogo wangu. Ukitia elfu kumi utatoa elfu kumi. Umewahi kuvunja kibubu ukakuta pesa zimezaana?

#8 Fundi Kizota

Tena kibubu chenye panya. Beringi inakula, upepo unakula, mkanda unakula.

#9 Alizeti Singida

Lakini balbu ziliwaka wakuu. Sikuota.

#10 Chuo Pembeni

Ziliwaka, na hapo ndipo wanapowapatia watu. Tuseme gurudumu lake ni sahani ya kilo 200, kutoka katikati hadi ukingoni sentimita 40, mizunguko 1,500 kwa dakika. Ndani yake kuna kama kilojuli 197, yaani wati-saa 55. Balbu tano za wati 10 zinakula wati 50. Kwa hiyo hata akichomoa waya mbele yako, balbu zitaendelea kuwaka dakika kadhaa na wewe unamaliza kusaini karatasi.

Mwambie afunge mzigo wa kilowati 10 kamili. Akiba yote inakwisha ndani ya sekunde 20, na jenereta itakuwa imezidiwa kabla ya hapo. Uwe na saa mkononi. Na uchungulie chini ya sakafu kama hakuna waya.

#11 Mwana Kibaigwa

Jamani turudi kwangu. Nimelipima kwenye mzani wa mahindi: kilo 60. Kutoka katikati hadi ukingoni sentimita 30. Lililobaki kwenye injini ni pacha wake.

#12 Chuo Pembeni

Nachukulia uzito wote uko ukingoni, yaani nakupendelea. Kwa mizunguko 850, gurudumu moja lina kilojuli 21 na ushee. Ni wati-saa 6 hivi. Yote mawili ni 12.

Sasa shika simu yako. Betri ya miliampia-saa 5,000 ina kama wati-saa 19.

#13 Dereva wa Nala

Kilo 120 za chuma zishindwe na tecno mfukoni? Hesabu gani hizo?

#14 Kijiwe Sabasaba

Kwa hiyo Mwana Kibaigwa afunge simu mbili kwenye injini. Uzi ufungwe.

#15 Fundi Kizota

@Chuo Pembeni hapo unapotosha. Hesabu inaweza kuwa sawa lakini chukua simu yako ukaivunjie mahindi.

Cha muhimu si kiasi gani limebeba, ni linatoa haraka kiasi gani. Piga hesabu hii: debe limeingia lote kwa mkupuo, injini inashuka kutoka 850 hadi 700 ndani ya sekunde moja. Gurudumu moja limetoa ngapi?

#16 Chuo Pembeni

Dah. Kama kilojuli 6.9. Kwa sekunde moja ni kilowati 6.9, yaani farasi 9.

Nimekukubalia fundi. Kwa sekunde hiyo mashine ina farasi 8 za injini na farasi 9 za gurudumu, na zamani alikuwa na magurudumu mawili, kwa hiyo 18. Akitoa moja, debe la pupa linakutana na farasi pungufu. Simu haiwezi kutoa hivyo, itaungua.

Ila bado nina wasiwasi. Kwa mipigo ya injini yenyewe, gurudumu moja lilitosha kabisa. Injini inalipuka mara 425 kwa dakika, kila mlipuko unaleta kama juli 840. Kwenye ile mipigo mitatu ya njaa gurudumu linatoa kama asilimia 3 ya akiba, mwendo unapungua asilimia moja na nusu tu. Huwezi hata kuisikia. Kwa hiyo kama inataka kuzima hata kwa mahindi ya kawaida, flaiwili si mchawi wa kwanza.

#17 Bi. Cherehani

Mimi sijui kilojuli. Najua cherehani ya kukanyaga. Lile gurudumu kubwa la chini, ukikanyaga pedali ikafika chini kabisa, mguu wako hauwezi kuirudisha juu, imekwama pale. Gurudumu ndilo linaivusha. Wanafunzi wangu wapya wote wanahangaikia hapo, wanakanyaga kwa hasira, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Nawaambia msukume kidogo kwa mkono kwanza, halafu fuateni gurudumu, msilifukuze.

Mkanda wake wa ngozi ukilegea, hata gurudumu liwe zito vipi sindano haipandi. Angalia mkanda wako baba.

#18 Mzee wa Mtera

Huyo mama kaongea kuliko nyote.

Mnaizungumzia injini mnasahau kinu. Ndani ya kinu kuna mhimili wenye nyundo, tuseme kilo 20, nusu ya upana sentimita 20, lakini unazunguka mara 3,000 kwa dakika. Fanyeni hesabu yenu: unabeba kama kilojuli 20. Karibu sawa na gurudumu la kilo 60! Kilo 20 zinalingana na kilo 60 kwa sababu ya mwendo. Mahindi yanavunjwa kwanza na akiba hiyo iliyo ndani ya kinu, halafu injini inairudisha kupitia mkanda. Mkanda ukiteleza, akiba hairudi.

Na mleta mada umesema mwenyewe kwamba siku ileile alibadilisha mkanda. Fanya hivi: debe likimiminwa, sikiliza. Kikishuka kinu peke yake huku injini inaendelea kupiga kama kawaida, na ukasikia harufu ya mpira, ni mkanda. Ikishuka injini yenyewe, ni flaiwili, gavana (kile kinachopima mafuta ili mwendo wa injini usipande wala kushuka) au nozeli.

#19 Mwana Kibaigwa

Mzee shikamoo. Nimejaribu asubuhi hii. Harufu ya mpira ipo. Na injini nayo inashuka.

#20 Kijiwe Sabasaba

Hahaha, mgonjwa ana malaria na taifodi.

#21 Mstaafu Karakana

Vijana, nimefurahi kuona watu wanaongelea chuma badala ya siasa. Nilifanya kazi karakana ya reli miaka mingi, niwape kidogo historia.

Gurudumu la kutunza mwendo ni la zamani kuliko injini yoyote. Mfinyanzi wa Mesopotamia zaidi ya miaka 5,000 iliyopita alikuwa analisukuma gurudumu zito, halafu anatumia mwendo wake huku mikono yote miwili iko kwenye udongo. (Bibi zetu wa Kigogo walifinyanga kwa mkono bila gurudumu, na vyungu vikatoka vizuri tu.) Hata pia, kile kijiti kinachozungushwa kusokotea pamba, ni wazo hilohilo.

Kwenye injini za mvuke ndipo lilipopata ajira ya kudumu. Mwaka 1780 James Pickard wa Birmingham alisajili hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya krenki, ule mkono unaogeuza kwenda na kurudi kwa pistoni kuwa mzunguko. James Watt hakutaka kumlipa, 1781 akasajili njia yake: gia moja inazunguka nyingine kama sayari na jua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa gia ile, gurudumu lilizunguka mara mbili kwa kila kwenda na kurudi kwa pistoni, wakati kwa krenki lingezunguka mara moja. Gurudumu lilelile, mwendo mara mbili, akiba mara nne. Alikimbia kulipa hataza akapata nafuu ambayo hata hakuifuata.

Halafu kuna torpido (kombora la chini ya maji) ya Howell ya jeshi la majini la Marekani, miaka ya 1870 hadi 1880 na kitu. Haikuwa na injini ndani. Ilikuwa na gurudumu la chuma la kilo 60, uzito uleule wa la Mwana Kibaigwa, linazungushwa kwa mvuke melini mpaka mizunguko 10,000 kwa dakika, halafu torpido inaachiwa. Haikutoa hata povu. Moja iliokotwa baharini karibu na San Diego mwaka 2013, na waliogundua ni pomboo waliofunzwa na jeshi.

#22 Dereva wa Nala

Pomboo tena? Huu uzi umeanza kwa debe la mahindi.

Mzee, kama linaweza kusukuma torpido, kwa nini hawakuweka kwenye basi? Tungekuwa tunalizungusha pale stendi tunakwenda.

#23 Mstaafu Karakana

Waliweka. Kampuni ya Oerlikon ya Uswisi ilitengeneza basi linaloitwa Gyrobus. Chini ya sakafu kuna gurudumu la tani moja na nusu, limelala, mizunguko 3,000. Kituoni basi linainua vyuma juu ya paa, linagusa umeme wa nguzoni, mota inaliongezea gurudumu kasi kwa dakika mbili tatu, mnaondoka. Lilikwenda kama kilomita 6 njia tambarare. Mji wa Yverdon ulilitumia kuanzia 1953 hadi 1960.

#24 Mama Zabibu

Mambo ya Ulaya hayo. Kwetu na matuta haya lingefika wapi.

#25 Mstaafu Karakana

Mama, nakusahihisha kidogo. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Afrika. Kinshasa, wakati huo Léopoldville, walikuwa nayo 12 tangu 1955 mpaka 1959. Abiria 90 kila moja. Waliyaacha kwa sababu yalikula umeme mno, beringi za gurudumu zilivunjika, na unyevu wa kule ulisumbua mota. Na madereva walipenda kukatiza njia za udongo, mvua ikinyesha basi na gurudumu lake linazama kwenye tope.

#26 Dereva wa Nala

Madereva wa Kongo ni ndugu zangu kabisa.

#27 Chuo Pembeni

Siku hizi wamegeuza mambo. Badala ya chuma kizito wanatumia nyuzi za kaboni zilizosokotwa, gurudumu jepesi, linazunguka ndani ya chombo kisicho na hewa, tena linaelea kwa sumaku, halishiki beringi. Stephentown, jimbo la New York, kuna kituo cha magurudumu 200 kilichokamilika 2011, megawati 20, kazi yake ni kuvuta na kutoa umeme kwa sekunde na dakika ili gridi, yaani mtandao wa umeme, isiyumbe. Kila moja lina kilowati-saa 25, mizunguko mpaka 16,000.

Hata Williams, timu ya magari ya mbio, walishindana nalo kwenye Formula 1 mwaka 2009.

#28 Msukuma Mtani

Hapana @Chuo Pembeni. Williams walilitengeneza kwa ajili ya Formula 1 lakini hawakuwahi kukimbia nalo kwenye mashindano hayo. Lilikuja kutumika kwenye Audi R18 iliyoshinda mbio za magari za saa 24 za Le Mans mwaka 2012. Na kampuni iliyojenga Stephentown ilifilisika mwaka uleule wa 2011, kituo kikauzwa kwa wengine kikaendelea. Usiwape watu nusu ya habari.

#29 Chuo Pembeni

Nimepokea. Wewe mtani unafuatilia magari huku ng'ombe nani anachunga?

#30 Msukuma Mtani

Ng'ombe wanachungwa na Wagogo, nawalipa kwa zabibu zao wenyewe.

#31 Alizeti Singida

Sasa hapa ndipo mimi sielewi. Mmesema uzito ndio akiba. Tena mnasema wanatumia kitu chepesi. Lipi ni lipi?

#32 Mzee wa Mtera

Swali zuri kuliko la milioni tatu na nusu.

Uzito unaongeza akiba, lakini uzito huohuo ndio unaolivuta gurudumu lipasuke. Kila kipande cha ukingo kinataka kuruka kwenda zake, kimeshikwa na wenzake. Mvutano huo unategemea mwendo wa ukingo na uzito wa mata yenyewe, hautegemei unene. Yaani ukinenepesha ukingo hujauongezea uimara hata kidogo, umeongeza mwenye kuvuta na mwenye kuvutwa. Chuma cha kusubu, kile kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, kinapasuka mapema. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu kukatika, kwa hiyo unaziongezea mwendo, na mwendo ndio wenye kipeo cha pili. Nusu ya uzito kwa mwendo mara tatu, umepata akiba mara nne na nusu.

Lakini kama nafasi unayo na mwendo hauna haraka, chuma bado kinatawala. Culham, Uingereza, kwenye mtambo wa JET wa majaribio ya kuunganisha viini vya atomu, ulioanza 1983 ukafungwa Desemba 2023, walikuwa na magurudumu mawili ya tani 775 kila moja, mizunguko 225 tu kwa dakika. Gridi haikuweza kuwapa umeme wa mkupuo waliouhitaji, basi wanayazungusha taratibu, halafu wanachota kwa sekunde chache.

#33 Msukuma Mtani

Na treni yetu ya SGR? Ikifika Ihumwa inafunga breki, ile nguvu yote inakwenda wapi? Si wangeweka flaiwili pale.

#34 Mstaafu Karakana

Treni ya umeme mota yake ikigeuzwa inakuwa jenereta, umeme unaweza kurudi juu kwenye waya ukatumiwa na treni nyingine iliyo karibu. Shida ni pale ambapo hakuna treni nyingine. Los Angeles waliweka magurudumu kwenye stesheni moja ya treni za chini ya ardhi mwaka 2014 kwa kazi hiyo hasa: treni ikifunga breki yanapokea, ikiondoka yanatoa. Na Stourbridge, Uingereza, kuna vitreni vidogo tangu 2009 vina gurudumu la kilo 500 ndani yake, injini ni ndogo ya gesi, gurudumu ndilo linaloondoa treni kituoni. Njia yake haifiki hata kilomita mbili.

#35 Mzee wa Mtera

Msisahau gridi yenyewe tayari ina flaiwili. Mashine za Mtera ni mbili za megawati 40. Bwawa la Julius Nyerere ni tisa za megawati 235. Kila moja ni chuma kizito kinachozunguka kwa pamoja na wenzake kufuata herzi 50. Mashine moja ikitoka ghafla mahali, zilizobaki zinatoa akiba ya mzunguko wao kabla maji hayajaongezwa, kwa sababu lango la maji haliwezi kufunguka kwa sekunde moja. Wanaotegemea upepo na jua wanakosa chuma hicho, ndiyo maana Ireland walifunga gurudumu la tani 130 pale Moneypoint mwaka 2022. Halizalishi hata wati moja. Linazunguka tu.

#36 Kijiwe Sabasaba

Kama mimi hapa kijiweni.

#37 Mwana Kibaigwa

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Kuna jambo jipya. Wakati naliosha lile gurudumu lililo chini kwa dizeli nione kama naweza kulirudisha, nimeona mstari mwembamba mweusi kwenye spoku moja, karibu na tundu la kii, kile kipande cha chuma kinacholifunga gurudumu kwenye mhimili. Ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Ni mkwaruzo au ni ufa?

#38 Fundi Kizota

SIMAMA HAPOHAPO. Usilirudishe.

Lining'inize kwa kamba, ligonge kwa nyundo ndogo. Kisha gonga na lile zima, injini ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa.

#39 Mwana Kibaigwa

Zima linalia ngeee kama kengele ya shule. Hili linalia pwa, kama debe lenye mchanga.

#40 Fundi Kizota

Huo ni ufa. Hiyo sauti naijua.

Hapa namwomba radhi fundi mwenzangu. Inawezekana aliuona akakutolea kwa usalama.

#41 Mama Zabibu

Sasa kwa nini asiseme? Aseme "lina ufa" badala ya "ni mzigo". Au aliogopa ataambiwa kalipasua yeye wakati wa kung'oa kii kwa nyundo?

#42 Dereva wa Nala

Si anachomelea tu? Hapo Chang'ombe wanachomelea kila kitu.

#43 Mzee wa Mtera

Dereva, ukingo wa gurudumu lile kwa mizunguko 850 unakwenda kama kilomita 96 kwa saa. Mita 27 kwa sekunde. Mafundi wa zamani hawakupenda chuma cha kusubu kipite mita 30. Yaani hata likiwa zima halina nafasi kubwa. Gavana ikikwama injini ikakimbia mpaka 1,200, mvutano kwenye ukingo unakuwa mara mbili. Kilo 60, kilomita 96 kwa saa, ndani ya banda lenye akina mama na watoto migongoni. Chomelea la toroli.

#44 Mstaafu Karakana

Naunga mkono. Na kuhusu mtetemo: angalia ndani ya ukingo wa hilo zima, upande mmoja kuna mahali chuma kimevimba. Hicho si kosa la kiwandani, ni uzani wa kupingana na pistoni. Umetoa gurudumu moja, umetoa na nusu ya uzani huo. Ndiyo bati lako linalia. Kaza bolti za msingi kabla hazijatoka.

#45 Chuo Pembeni

Kumbe basi mtetemo ndio unaolegeza mkanda, mkanda unateleza, kinu kinakosa mwendo. Flaiwili ni mchawi lakini kwa njia ya kuzunguka.

#46 Fundi Kizota

Au spring ya gavana imechoka. Au mahindi ya msimu huu mabichi. Umesaga ya unyevu?

#47 Mwana Kibaigwa

Mrejesho baada ya siku tisa.

Nimepata gurudumu kutoka injini iliyokufa Mpwapwa. Nimeligonga kabla ya kulipa, linalia ngeee. Mwenye nalo alinishangaa, nikamwambia nanunua kengele. Ni zito kidogo kuliko la zamani, kilo 63. Fundi mwingine kalifunga, kakaza bolti za msingi, kaweka mkanda mpya wa kipimo sahihi (ule wa kwanza ulikuwa mrefu), na akabadilisha spring ya gavana.

Mashine inameza debe kama zamani. Bati halilii. Lakini jana mzee mmoja kaleta mahindi aliyoyaloweka, ikaguna vilevile nusura izime.

#48 Mzee wa Mtera

Hongera. Ila umebadilisha vitu vinne siku moja. Sasa sisi tutajuaje nani alikuwa sahihi?

#49 Fundi Kizota

Flaiwili.

#50 Bi. Cherehani

Mkanda.

#51 Alizeti Singida

Nilikwenda kwa yule jamaa na saa mkononi kama @Chuo Pembeni alivyosema. Kasema leo mtambo umepumzika, turudi Jumatatu.

#52 Kijiwe Sabasaba

Mwana Kibaigwa, lile lenye ufa unaliuza chuma chakavu kilo shilingi ngapi?